Mwongozo kamili: kutunga sera za makaazi pamoja na wanaolala nje, hapa kwetu Unguja na Pemba

Nianze na aibu yetu wenyewe. Mara ya kwanza tulipoambiwa "shirikisheni walengwa" tulifanya kama wanavyofanya wote, tukakodi ukumbi wenye kiyoyozi, tukachapisha bango, tukaalika watu wanane wanaolala Darajani na kule bandarini Malindi. Katika wanane hao watano walirudishwa getini na mlinzi, eti hawakuvaa vizuri, na sie tuko ndani tunahangaika na projekta wala hatuna khabari. Watatu waloingia wakakaa nyuma kabisa, wakapewa maji ya chupa, ikafika saa ya posho wakaambiwa waandike namba ya kitambulisho na namba ya simu. Kitambulisho hawana, simu anayo mmoja na laini si yake. Wakaondoka mikono mitupu, maafisa wakaondoka na bahasha, na ripoti ikaandikwa "wadau wote walishirikishwa". Mimi ndo niloiandika.

Toka siku ile tumekosea mara nyingi na tumejifunza kidogo kidogo, na hapa naandika yale yanayofanya kazi kwa mtu wa manispaa, wa wizara, wa jumuiya au hata kikundi cha mtaa kinachotaka kusaidia kutunga sera au kanuni inayohusu nyumba. Ni marefu, chukua chai.

Kabla ya hatua yoyote: unamzungumzia nani?

Tukisema "mtu asiye na makaazi" wengi wanaona sura moja tu, kijana mchafu kalala juu ya boksi. Huyo yupo, lakini kwetu hapa ndo wachache wanaoonekana. Yupo mchukuzi anayelala bandarini manake kazi inaanza meli ikifika. Yupo mama alieachwa na watoto watatu, karudi kwao kakuta kaka zake wameshaoa na vyumba vimejaa, sasa analala wiki kwa shangazi wiki kwa mwenzake. Wapo vijana walokuja kutafuta kazi za hoteli, wanne chumba kimoja kitanda kimoja, wa zamu ya usiku anaingia wa mchana anatoka. Wapo waloingia kwenye magofu ya Mji Mkongwe. Wapo walotoka sober house, zile nyumba za kuachia unga (dawa za kulevya), wamepona kabisa lakini nyumbani mlango haufunguliwi, na walotoka hospitali ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu wametulia na dawa zao ila jamaa wanawaogopa. Na zipo familia za maeneo yanayojaa maji, kila masika wanahamia kwa jamaa, yakikauka wanarudi, na hao hakuna anaewaita wasio na makaazi ingawa miezi miwili kwa mwaka hawana.

Halafu kuna stara. Mzanzibari hasemi "sina pa kulala", anasema "niko kwa shangazi kwanza", na hiyo "kwanza" inaweza kuwa miaka minne. Ukiuliza suali la moja kwa moja utapata jibu la heshima ambalo halina kitu ndani yake. Kwa hiyo usiulize "una nyumba?", uliza "jana umelala wapi, na juzi, na kesho unategemea wapi?". Majibu matatu yakitofautiana umeshampata.

(Mvuvi aliekwenda dago, yani kambi ya wavuvi, si mtu asiye na makaazi jamani, naliweka hili hapa kwa sababu nimeona watu wanahesabu dago lote. Yule ana kwao, kaenda kuvua, upepo ukibadilika anarudi.)

Na majina ya kudharau muyaache hukohuko, hata kwenye wasapu ya kamati. Siku moja litapenya kwenye mkutano na kazi yote imeharibika.

Hatua ya 1. Tafuta uamuzi, usitafute maoni

Hapa ndo penye mzizi wa kila kitu. Watu wanaolala nje wameshaulizwa maoni mpaka wamechoka, na wanafunzi, na wageni wenye kamera, na sie. Kama huna uamuzi maalum unaokwenda kufanywa mahali fulani na tarehe fulani, usiwaite, unawapotezea siku ya kibarua.

Sasa maamuzi ya nyumba kwetu yamegawika. Wizara inayohusika na ardhi na makaazi inapanga ardhi na sera. Shirika la Nyumba linajenga na kukodisha. Manispaa na mabaraza ya miji yana masoko, usafi, na wale askari wao wanaofukuza watu barazani. Ustawi wa jamii wana wazee, watoto na walopata madhila, nyumba za wazee za Sebleni na Welezo kwa Unguja na Limbani kwa Pemba. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ina nyumba za wakfu, ambazo asili yake watu waliziacha kwa ajili ya thawabu na nyingi wamekuwa wakikaa wanyonge, na hii watu wa sera wanaisahau kila siku wakati ni hazina yetu wenyewe hatujaazima kwa mtu. Na chini kabisa yupo sheha, mkuu wa shehia, yani eneo dogo kabisa la utawala, ambae kwa maisha ya mtu wa kawaida ana nguvu kuliko hao wote.

Chagua mmoja. Uliza: mwaka huu kuna karatasi gani inaandikwa huko? Vigezo vya kupewa nyumba ni uamuzi. Utaratibu wa kuhamisha watu kwenye jengo bovu ni uamuzi. "Kuboresha maisha ya makundi maalum" si uamuzi, hiyo ni hotuba.

Angalia na kalenda. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, bajeti inasomwa kwenye Baraza la Wawakilishi pale Chukwani mwezi wa tano na wa sita, na ukifika na mapendekezo yako mwezi wa nne utapongezwa sana na hakuna kitakachobadilika, namba zimeshafungwa. Anza kazi mwezi wa tisa au wa kumi ili karatasi ifike kabla ya mwaka mpya. Faida nyengine ni kwamba utakuwa umemaliza kabla ya masika, manake zikianza mvua kubwa za mwezi wa tatu watu unaowajua pale barazani wametawanyika huwapati tena.

Kama bosi wako anakuuliza kwa nini mtu asiye na nyumba aulizwe, Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, ibara ya 21, inasema kila raia ana haki na uhuru wa kushiriki kikamilifu kwenye uamuzi wa mambo yanayomhusu yeye, maisha yake au taifa lake. Haikusema raia mwenye anuani.

Na kama anataka sababu isokuwa ya sheria mpeleke Michenzani. Yale maghorofa marefu yamejengwa baada ya Mapinduzi, mpango wa Mzee Karume, mafundi na wataalamu wametoka Ujerumani Mashariki, nia ilikuwa nzuri na watu wamepata kuta za saruji na maji ya bomba. Lakini nyumba za Ng'ambo, ule upande wa pili wa mji nje ya Mji Mkongwe, zilizovunjwa kupisha yale maghorofa zilikuwa na baraza ya nje na ua wa nyuma, kule kinamama wanapika na kufua bila ya kuonekana, huku wanaume wanakaa na wageni. Ghorofani huna ua wala huna baraza. Mtu aloishi kwenye ile nyumba ya udongo angeweza kukwambia hilo kwa sentensi moja kabla hujamwaga zege.

Hatua ya 2. Waendee, na uende na mtu

Saa mbili asubuhi huwapati, washaamka na washaondoka. Nenda baada ya sala ya isha mpaka saa nne usiku, au kabla ya alfajiri. Usiende na gari ya serikali yenye namba, usiende na polisi, na simu usiitoe mfukoni. Picha hakuna. Hata ukiombwa na mfadhili, hakuna.

Usiende peke yako, tafuta mtu anaejulikana pale. Mara nyingi ni mama muuza chai na mihogo, au mlinzi wa duka, au imamu wa msikiti ambao vijana wanaoga na kulala uwani, au mtu aliewahi kulala hapohapo na sasa kapanga. Huyu wa mwisho ndo bora kuliko wote na mlipe kama unavyomlipa mtafiti, kwa sababu kazi anayofanya ni ya utafiti.

Usifungue kwa jina. Salamu, kaa chini, kunywa chai nae, halafu jieleze wewe kwanza: natoka sehemu fulani, kuna karatasi inaandikwa inahusu jambo fulani, sijui lolote, nataka watu wanaojua waje wakae. Mzee mmoja pale Malindi, nilimwita ami kama inavyostahiki, alinisikiliza mpaka mwisho akaniuliza suali moja tu: "Mwanangu, na wewe ukishapata unachotaka, nakuona tena lini?" Nilikuwa sina jibu. Siku hizi naenda na jibu, tarehe ya kurudi naitaja usiku uleule wa kwanza.

Kinamama hutawapata hivi. Mwanamke asiye na pa kulala kwetu hajitokezi nje, anajificha ndani ya nyumba za watu, na mara nyengine anavumilia mume anaempiga kwa sababu ya paa tu. Wapitie kwenye vituo vya mkono kwa mkono (vinavyopokea walofanyiwa udhalilishaji), kwa wauguzi wa kliniki ya mama na mtoto, kwenye madarasa ya kinamama, vikundi vya vikoba, na aende mwanamke mwenzao. Mimi mwanamme niliwahi kujaribu, nikapata majibu mazuri sana yasokuwa na ukweli hata mmoja.

Watoto ni kesi nyengine. Chini ya miaka 18 usimkusanye mtoto wa Darajani au Forodhani kwenye mkutano wako bila ya ustawi wa jamii kujua na kuwepo, tuna Sheria ya Mtoto ya 2011 na ina maana yake. Sauti ya mtoto inatakiwa lakini ina njia zake, michoro, michezo, na mtu alosomea.

Na kwa Pemba, Wete, Chake au Mkoani, mambo ni mengine kabisa. Pale kila mtu anamjua baba wa mwenzake. Ukimwita mtu wa Wete kwenye mkutano wa "wasio na makaazi" hapohapo Wete umemtangaza, ukoo mzima utaona umefedheheshwa na yeye atakana. Fanya mkutano mji mwengine, uupe jina jengine, mfano "mazungumzo ya nyumba na kodi", na alika na wapangaji wa kawaida ili wachanganyike.

Hatua ya 3. Wajihesabu wenyewe

Sensa ya 2022 imetupa idadi ya watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na zaidi ya watu 890,000 wako Mjini Magharibi peke yake, yani karibu nusu ya nchi imebanana kwenye mkoa mmoja. Sensa ni picha ya usiku mmoja lakini. Haikwambii nani amehama mara tano mwaka huu na kwa nini.

Mfano ninaoupenda ni wa Mumbai, India. Miaka ya themanini watu walokuwa wanaishi kwenye vibanda vya kando ya barabara walikuwa wanavunjiwa, na serikali inasema hawa ni wapita njia, leo wapo kesho hawapo. Shirika moja, SPARC, mwaka 1985 likafanya hesabu ya vibanda vile pamoja na wenyewe, wakagundua familia nyingi zimekaa palepale miaka na miaka, wana kazi, wanachangia mji. Mwaka uliofuata wanawake wa vibanda hivyo wakawa na umoja wao, Mahila Milan, wenye akiba zao na madaftari yao, na baadae mbinu ya kujihesabu ikasambaa nchi nyingi, mpaka Dar es Salaam kwenye mitaa ya watu wa kipato cha chini. Serikali ikija na namba zake, wao wana zao.

Kwetu ifanye ndogo. Wafundishe watu sita au wanane, nusu wanawake, daftari la karatasi na kalamu, tableti ya nini. Masuali yasizidi matano: umelala wapi usiku tatu zilizopita, mara ya mwisho ulipokuwa na chumba chako ulitoka kwa sababu gani, umejaribu kupata chumba wapi na nani alikukatalia, una karatasi gani mkononi, unalipa nini sasa hivi (manake hata baraza nyengine zina kodi yake, sigara, kufagia, au mambo ambayo watu hawayasemi). Jina lisiandikwe, weka alama anayoichagua mwenyewe. Daftari likae kwa mtu waliemchagua wao, ofisi ipate jumla tu. Hilo la daftari maafisa watalipinga na hapo usilegee hata kidogo, kwa sababu orodha ya nani analala wapi ikiangukia mikono mengine inageuka orodha ya kukamata watu.

Hatua ya 4. Kikao chenyewe

Vikao viwili vya mwanzo viwe vyao peke yao, bila ya afisa hata mmoja. Hapa wanaelezwa karatasi inayoandikwa inasema nini kwa Kiswahili cha watu, wanabishana, wanakubaliana wanataka nini, wanachagua wasemaji. Kikao cha tatu ndo waje wakubwa. Ukiwachanganya siku ya kwanza utasikia "tunashukuru sana serikali yetu" na basi, hutosikia jengine.

Mahali: uwanja wa skuli jioni, ukumbi wa shehia kama sheha ni mwema, chini ya mti. Wote mkekani au wote vitini, isiwe wageni rasmi na meza yenye kitambaa halafu wengine benchi. Mlinzi wa geti aambiwe siku moja kabla, kwa majina ya wageni, na siku yenyewe mtu wenu asimame getini. Nimeshasema kwa nini.

Wakati: usigongane na kazi. Mchukuzi ana meli, muuza mihogo ana jioni yake. Waulize. Ramadhani fanya baada ya tarawehe au fanya futari ya pamoja, lakini isiwe futari ya kupigia picha. Na kama kuna wanaotumia unga, jua kwamba mtu mwenye arosto, yale mateso ya kuukosa, hawezi kukaa masaa matatu anasikiliza utangulizi wa mkurugenzi. Saa moja na nusu inatosha, na mapumziko katikati, na mtu akitoka akarudi asiangaliwe.

Pesa sasa. Lipa taslimu, mkononi, siku ileile, na posho ya mtu anaelala nje iwe sawa na ya afisa anaekaa nae. Najua itakavyosemwa, "watakwenda kununua unga". Mbona hatumuulizi afisa posho yake anakwenda kununua nini? Mtu kaleta ujuzi, analipwa ujuzi. Kusaini iwe kwa dole gumba na ile alama yake, na mhasibu mkubaliane mapema kwa maandishi kwamba kitambulisho hakitohitajika, hili lifanye wiki mbili kabla usilingoje siku yenyewe. Kwa hesabu ya haraka, watu 12, nauli elfu 5 na posho elfu 20 kila mmoja, ni laki 3 kwa kikao, weka na urojo au wali wa kushiba na sehemu ya mtoto kucheza. Hiyo ni ndogo kuliko kukodi ule ukumbi wetu wa kiyoyozi.

Namna ya kuzungumza: usimwambie mtu "tuhadithie maisha yako". Watu wamelizwa mbele za watu mara nyingi mno, wanalia, wageni wanasikitika, na sera inabaki vilevile. Sie tunatumia kitu tunachokiita milango. Chora kwenye bango mtu nje upande mmoja na chumba upande mwengine, halafu kila mmoja ataje mlango alogonga ukafungwa, na nani kaufunga, na kwa maneno gani. Hakuna anaehitaji kusema kwa nini alikosa nyumba, anasema tu wapi kazuiwa.

Milango inayotoka kila mara ni ileile. Kodi ya miezi sita mbele, wakati mtu anapata pesa kwa siku. Mwenye nyumba hataki mwanamke aliekuwa hana mume. Watu wa bara wanaambiwa hawana haki ya kuulizia chochote. Na mlango mkubwa kuliko yote, barua ya sheha.

Hapa nikae kidogo. Ukitaka kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi unaanzia kwa sheha, ukitaka huduma nyingi za serikali unaanzia kwa sheha, na sheha anaandika barua kwa mkaazi wa shehia yake. Mtu anaelala barazani ni mkaazi wa shehia gani? Ya Malindi anaambiwa hatukujui, kwao alipozaliwa anaambiwa ulishahama. Bila barua hakuna kitambulisho, bila kitambulisho hakuna mkataba wa chumba, bila chumba hakuna barua. Mzee wa miaka 70 anastahiki pensheni jamii, tuliyonayo toka 2016 na ni jambo la kujivunia kwa kweli, lakini kama hakuna sheha wa kumthibitisha anaipataje? Nilikuwa nafanya kazi hizi miaka kadhaa na sikulijua hili mpaka lilipochorwa na wenyewe, mlango kwa mlango, linazunguka kama duara. Na dawa waliitoa wenyewe palepale: sheha aruhusiwe kumwandikia barua mtu aliekaa shehiani miezi kadhaa akithibitishwa na mashahidi wawili wanaojulikana, imamu, muuza duka, mama wa chai. Haihitaji kujenga hata chumba kimoja.

Mlango mwengine ni wa majengo mabovu. Sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kihistoria la Mji Mkongwe, ilipoanguka 25 Disemba 2020 watu wote walishtuka, na toka hapo kila jengo bovu la Mji Mkongwe linazungumzwa. Likitangazwa gofu ni hatari, wapangaji wana mkataba wa kuonyesha. Waliojiegesha mle ndani hawana mkataba kwa hiyo hawamo kwenye orodha ya kuhamishwa, siku ya kutolewa wanatolewa tu. Ukiwa unatunga utaratibu wa kuhamisha, waweke waliolala mle, si wapangaji peke yao.

Hatua ya 5. Karatasi

Kurasa mbili, isizidi. Kila pendekezo na mistari mitatu: mlango gani, anaeufunga ni nani kwa cheo, tunataka ufunguliwe vipi na lini. Maneno yao yaachwe kama walivyosema, usiyapige pasi yakawa "uimarishaji wa upatikanaji". Halafu kabla haijakwenda popote isomwe kwa sauti mbele yao, yote, na wana haki ya kufuta. Mara moja walifuta ukurasa mzima nilouona mzuri kuliko wote, ulikuwa unaomba kijengwe kituo cha kulala. Wakasema hicho kitakuwa jela yetu, jamaa zetu ndo watatutupa huko kwa raha zao. Sikuwahi kulifikiria.

Anaekwenda kuisoma wizarani au manispaa ni wao, wewe unabeba mikoba.

Hatua ya 6. Kiti cha kudumu

Mkutano mmoja unasahaulika, kwa hiyo dai nafasi kwenye kamati inayoendelea. Wenzetu wameshafika huko. Brazil mwaka 2004 watu waliolala nje waliuliwa katikati ya São Paulo, wenzao wakajikusanya, mwaka 2005 wakawa na umoja wa taifa, na Disemba 2009 ikatoka amri ya rais nambari 7053 inayoweka sera ya taifa ya watu wa mitaani na kamati ya kuisimamia ambayo wao wenyewe wana viti ndani yake. Marekani bodi za maeneo zinazogawa fedha za serikali kuu za kusaidia wasio na nyumba zinalazimika kuwa na japo mtu mmoja aliewahi au anaelala nje. Ukitaka kanuni ya namna hiyo kwetu, iombe kwenye hadidu za rejea za kamati, huko ndo rahisi kuliko kubadilisha sheria.

Ila usikubali kiti kimoja. Mmoja anakuwa pambo, anaona haya, akikosa nauli siku moja hakuna mtu. Wawili au watatu, mmoja awe mwanamke, waliochaguliwa na wenzao, na wabadilike kila mwaka au miaka miwili. Lazima wabadilike kwa sababu huyu msemaji, na hili si siri, akishazoea bahasha na kukaa na wakubwa wenzake wanaanza kusema "yule kaula", na mara nyengine ni kweli kaula.

Sheha asikwepwe. Mtu akisema mbele ya mkurugenzi kwamba sheha kamnyima barua, sheha atasikia kabla ya magharibi. Nenda kwake wewe kwanza, mueleze, muombe ushauri wa kweli, mara nyengine yeye ndo anakwambia kanuni inavyomfunga mikono. Na kituo cha polisi cha eneo lile wajue, ili mtu asije akakamatwa kwa uzururaji usiku wa siku aliyotoka kuzungumza na serikali. Weka namba ya mtu wa kupigiwa, mwanasheria au yeyote mwenye sauti, na kila mshiriki awe nayo kwenye karatasi, simu zinaibiwa.

Hatua ya 7. Kurudi

Hii haina ufundi wowote na ndo inayoshindwa kuliko zote. Tarehe uliyotaja usiku wa kwanza, rudi, palepale, saa ileile. Chukua karatasi yao na uwasomee: hili limekubaliwa, hili limekataliwa na sababu walotoa ni hii, hili bado liko kwa fulani. Kilichokataliwa kiseme kama kilivyokataliwa. Watu hawa wameshakataliwa mambo mengi hawatoanguka, kinachowaudhi ni kuzungushwa.

Kama hakuna jipya, rudi vilevile useme hakuna jipya. Kama mtu uliemtafuta kahama, mama wa chai mwachie ujumbe na tarehe ya mara inayofuata, yeye atajua alikokwenda.